Boksi Lililokwenda Hadado

Baba yangu alipotolewa mpira wa mkojo baada ya kupasuliwa tezi dume, daktari wa Nairobi alituambia maji yangemsumbua kwa muda kisha yangekoma. Hayakukoma. Nilimleta Garissa nyumbani kwangu, yeye na mama, kwa sababu kwao Ijara ni mbali na hospitali kubwa. Miezi ikapita. Kila alfajiri nilisikia mama akisugua nguo kwenye beseni nyuma ya nyumba, na kwa namna alivyosugua nilijua usiku wao ulikuwaje.

Baba ameuza ng'ombe maisha yake yote. Pale soko la mifugo sauti yake ilikuwa inatangulia kufika kabla yake. Sasa alikuwa anakaa barazani kwangu juu ya mkeka wa plastiki, amefunga shuka nyeusi kiunoni hata siku za joto kali, kwa sababu nyeusi haionyeshi. Msikitini aliacha kwenda. Wenzake walipopita kumuuliza alisema ni mguu, na wakiwa wanatazama aliinuka akichechemea ili waamini. Baba yangu hajawahi kuumwa mguu. Nilikuwa nageuza uso ukutani kila alipofanya vile, nikijifanya natafuta kitu.

Hakuna aliyelitaja jambo lenyewe. Mimi na baba tulizungumza juu ya mvua, bei ya majani ya ng'ombe na shule yangu, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa mjini. Mama ndiye aliyekuja siku moja jikoni, akafunga mlango, akasema, "Muuguzi kaniambia kuna nepi za watu wazima. Mtafutie baba yako. Asiulizwe, aletewe tu."

Nilikwenda duka la dawa. Nyuma ya kaunta alikuwa kijana niliyemfundisha miaka michache nyuma. "Mwalimu, karibu!" alisema kwa sauti ya mtu aliyefurahi kweli. Kwenye benchi walikuwa wamekaa kina mama wa mtaani kwetu, wote wananijua na wote wanamjua baba. Akauliza, "Nikupe nini, mwalimu?" Mdomo wangu ukasema dawa ya kikohozi. Nikatoka na chupa yangu, nikaenda duka jingine upande wa pili wa mji, nikafika mlangoni, nikaona wateja, nikageuka. Nyumbani mama aliitazama ile chupa akaniuliza nani anakohoa.

Ndipo nikaamua kuagiza Nairobi, kwa simu. Muuzaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Nilimnong'oneza kama vile naye yuko kwenye lile benchi. "Usijali," aliniambia. "Boksi ni la kawaida, halina maandishi. Litabandikwa namba tu. Hakuna atakayejua."

Namba ikaja kwenye simu yangu, herufi na tarakimu zilizoungana. Aliniambia hakuna mzigo mwingine wenye namba kama hiyo. Kila mahali mzigo wangu utakapopita utasomwa na mimi nitaarifiwa. Ikawa hivyo. Mzigo umepokelewa. Mzigo umepakiwa. Mzigo uko njiani. Nilikuwa nachungulia simu darasani, nachungulia tena kwenye chumba cha walimu, na kila ujumbe ulinipa amani ndogo. Ile namba ilijua boksi liko wapi, na haikumwambia mtu lina nini. Niliipenda kwa hilo.

Baba aliniona. "Unangoja nini kwenye hiyo simu?"

"Vitabu vya shule, aabo," nikasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwa Kisomali.

"Vitabu vinakuandikia?"

Nikamweleza jinsi kila mzigo unavyopewa namba yake, na jinsi unavyofuatiliwa.

"Kama alama ya ng'ombe," alisema.

"Kama hiyo."

"Ya ng'ombe tunaichoma kwa moto kwenye ngozi. Hii wanaitia kwa nini?"

"Kwa stika. Wanabandika."

"Stika!" Akanitazama kama mtu aliyeambiwa tumejenga nyumba ya chumvi. "Na jua hili?"

Ujumbe uliposema mzigo umefika Garissa, nilingoja siku mbili kupata ruhusa shuleni, ndipo nikaenda. Ofisi ya mizigo ni chumba cha mabati karibu na mahali mabasi yanaposhusha. Ndani hapakaliki kwa joto. Karani, msichana wa kutoka bara, alielekeza kimashine chake kwenye stika, kikalia, akaniambia tia sahihi hapa. Nilibeba boksi kifuani, nikapita njia za uani, nikajifungia chumbani nikalifungua.

Ndani mlikuwa na gauni jepesi la kung'aa la bibi harusi, viatu vya rangi ya dhahabu, shela, manukato, na kopo la ubani wa kufukizia nyumba.

Mama aliingia akanikuta nimeshika kiatu kimoja. Alitazama vile vitu, akanitazama mimi, akasema, "Baba yako ndiye atavaa hivi?" Kisha akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio akacheka mpaka akakaa kitandani. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitali. Mimi sikuweza. Nilikuwa nawaza boksi langu liko mikononi mwa nani.

Nilirudi ofisini na lile boksi. Karani aliskani tena, akaisoma kompyuta yake, akakunja uso. "Hapa inaonyesha kila mtu amepata mzigo wake." Akaenda nyuma kuongea na mwenzake, akarudi akiwa ameinamisha kichwa. Maboksi mawili ya ukubwa mmoja yalikuwa yamewekwa kwenye rafu iliyogusa bati. Gundi ikalainika kwa joto, stika zikaanguka sakafuni, mtu akaziokota akazirudishia. Alizirudishia kinyume. Lile la pili lilishapanda gari la Wajir, na kutoka Wajir likapelekwa kijiji cha Hadado.

"Pole sana mwalimu. Nitampigia aliyetuma hili lingine, ni mtu wa hapa hapa mjini. Rudi nalo, aje kwako alichukue, na wao warudishe la kwako."

Nikamsogelea. "Naomba usimwambie mtu kilichokuwa kwenye langu."

"Sijui kilichokuwa ndani," alisema. "Sisi hatufungui." Alisema kwa heshima, bila neno jingine, na bado nilihisi amenivua nguo. Mtu asiye na la kuficha haombi hivyo.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri nilikuwa barazani nasahihisha insha, baba yuko kwenye mkeka wake. Mwanamume wa umri wa kuoa akasukuma geti bila kubisha. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho na simu ilikuwa mkononi, tayari imepigwa.

"Mwalimu ni wewe? Wewe ndiye uliyepewa boksi langu?"

"Ni mimi. Liko ndani, salama, ngoja nikuletee."

"Acha kwanza boksi! Hili lako limefunguliwa Hadado!" Hakujua aliyekaa pale mkekani ni nani, na hakuwa na sababu ya kupunguza sauti. "Wameita kina mama wote wa pale waje waone nguo nilizomtumia mchumba wangu. Nyumba imejaa. Wakafungua mbele ya watu, zikatoka nepi. Nepi za wazee! Na nyanya yake msichana yuko kitandani mwaka wa pili huu, hawezi kuinuka, binti zake ndio wanambadilisha. Wanasema nimemtukana mama yao. Wanasema ndoa hakuna."

Ningeweza kumshika mkono nikamwingiza ndani. Nilifikiria hilo baadaye, mara nyingi sana. Wakati ule nilisimama tu na kalamu nyekundu mkononi. Kwa pembe ya jicho niliona baba ameacha kuvuta tasbihi yake.

Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti. Upande wa pili alikuwa mjomba wa yule msichana, na nyuma yake palikuwa na kelele za watu wengi. "Abti," bwana harusi alimwambia, kwa neno letu la mjomba, "nimempata mwenye boksi. Niko kwake."

"Umempata au umemtengeneza?" ile sauti ilijibu. "Wewe mwenyewe ulitutumia namba. Ukasema, mzigo wangu ni huu, msipokee mwingine. Nimeisoma kwenye boksi, herufi kwa herufi, na ujumbe wako ninao hapa kwenye simu. Ni hiyo hiyo. Leo unaniambia mzigo si wako?"

"Stika zilibanduka, abti. Zilibadilishana."

"Namba ni yako. Basi kama kuna mwenye mali, na aseme."

Bwana harusi akaninyooshea simu. Macho yake yalikuwa yananiomba.

Nilisalimia. Wakaitikia. Kelele zikapungua, nikajua wote wamesogea kusikiliza.

"Hizi nguo ni zako?" mjomba akauliza.

Baba alikuwa ananitazama. Si kwa hasira. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama ng'ombe mgeni, akipima tu.

"Ni za..." nikasema. "Ni za shule."

"Shule gani hiyo ambayo wanafunzi wake hawajui choo?"

Kule Hadado kina mama wakaangua kicheko. Mmoja akasema jambo ambalo sikulisikia vizuri, kicheko kikarudi tena kikubwa zaidi. Masikio yaliniwaka. Bwana harusi alifumba macho kama mtu aliyeshikilia kamba kisimani akasikia inakatika.

"Lete simu," baba akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Lete hiyo simu hapa."

Bwana harusi akainama akampa. Baba akaiweka mbele ya mdomo wake kama sahani. Akatoa salamu kamili, akaulizia afya ya watu, mifugo na mvua, na wale waliokuwa wakicheka walilazimika kujibu kwa adabu swali moja baada ya jingine. Kisha mjomba akamuuliza yeye ni nani.

Kwetu mtu akiulizwa hivyo hataji kazi wala mtaa. Hutaja jina lake, la baba yake, la babu yake, akipanda juu mpaka anayemsikiliza apate mahali pa kumshika. Baba alianza. Hakuruka jina hata moja. Nilimsikia akipanda ngazi ile ya wazee wetu, taratibu, na kila jina lilikuwa linanifunga zaidi, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine kutoka Ijara mpaka Mandera mwenye safu ile ya majina. Alipomaliza, wote walijua anayesema ni yeye.

"Nilipasuliwa Nairobi," alisema. "Tangu hapo mkojo haushikiki. Hizo nguo ni zangu. Mwanangu alininunulia, akaona haya kuniambia, na mimi nilikuwa nimeona haya kumwomba. Mmezifungua, mmeziona, hakuna kosa. Zifungeni mnirudishie, maana nazihitaji leo kuliko jana. Na huyu kijana hajamtukana mama yenu. Mungu ampe mama shifaa. Mpeni kijana mke wake."

Kule upande wa pili mbuzi alilia. Kisha mjomba akakohoa.

"Wewe si yule aliyekuwa akiuza ng'ombe Garissa? Mwenye sauti?"

"Ndiye."

"Nilinunua kwako fahali mwekundu."

"Mwenye pembe iliyopinda," baba alisema. "Alikuwa mkorofi."

"Alitupasulia ua lote." Sauti ya mjomba ilikuwa imebadilika. "Tusamehe, adeer. Tumekuvunjia heshima." Alikuwa amemwita adeer, baba mdogo, kama vile wametoka nyumba moja. Wakazungumza kidogo juu ya yule fahali. Kisha baba akamrudishia bwana harusi simu, akaweka mkono sakafuni, akainuka.

Shuka nyeusi ilikuwa imelowa nyuma, na mkekani palibaki maji. Alikuwa ameketi muda mrefu kuliko alivyozoea, kwa ajili ya ile simu. Bwana harusi alitazama viatu vyake mwenyewe na hakuinua macho mpaka baba alipoingia ndani. Nami nikaleta ndoo.

Magharibi ikapita. Nilimpelekea baba chai. Akanywa nusu.

"Uliniambia ni vitabu."

"Ndiyo, aabo."

"Ningevisoma vipi?" Baba hajui kusoma. Alisema hivyo akanirudishia kikombe, na sijui hata leo kama ulikuwa mzaha. Nilikaa pale chini, mlangoni kwake, nikitaka kuomba radhi, nikaona nikiomba nitakuwa nimemlazimisha kulirudia lile jambo. Nikaondoka na kikombe.

Boksi lilirudi. Safari hii karani alizungushia stika utepe wa gundi pande zote, akaikandamiza kwa kiganja, akaniambia hata maji hayaiwezi. Ndani, juu ya nepi, watu wa Hadado walikuwa wameweka kitambaa kipya cheupe cha kufunga kiunoni na chupa ya samli. Mama aliionja samli akasema ng'ombe wao wamekula vizuri.

Baba alizivaa. Alimuuliza imamu wa msikiti wetu kuhusu twahara ya sala, mbele yangu, kwa maneno ya wazi yaliyonifanya nisome tangazo ukutani; akaambiwa atawadhe upya kwa kila sala na asihangaike na kinachotoka bila hiari yake. Akarudi safu ya mbele. Mguu haukuuma tena na hakuna aliyeuliza ulipona lini.

Ila habari zilifika mjini kabla ya boksi. Sisi Wasomali hatumwachi mtu bila jina la utani, na jina hilo mara nyingi hutoka kwenye kilema chake, anaitwa hivyo mchana kweupe na anaitika. Baba alipata jipya. Sitaliandika. Nililisikia kwanza kwenye chumba cha walimu, mwenzangu aliponiuliza mzee hajambo, akataja lile jina kama hajui kwamba sijalizoea. Nilitabasamu. Nilitabasamu, nikachukua chaki, nikaenda kufundisha ngeli.

Nilipomfikishia baba alikuwa analijua tayari. "Ni zuri kuliko la zamani," alisema. La zamani lilihusu pua yake.

Watu wa Hadado wakatualika harusini. Nilitaka kukataa kwa niaba yake. Njia ya Hadado ni ndefu, jua ni kali, na niliwaza zile nyuso ambazo zilicheka. Baba alikuwa ameshamwambia mama amtolee kile kitambaa cheupe. Cheupe! Bwana harusi alitutumia gari lililokuwa likipeleka mchele, tukakaa mbele na dereva, mimi katikati, mfuko wa nepi na dumu la maji miguuni pangu.

Tulipoupita mji wa Habaswein baba alinigusa goti. Nikamwambia dereva asimame. Ulikuwa uwanda mtupu, ukame umekula hata vichaka, hapakuwa na kitu chochote kirefu kuliko goti. Dereva alizima gari akageukia upande mwingine. Tulitembea kidogo, nikafungua shuka yangu ya kujifunika, nikaishika kwa mikono miwili kama pazia, nikampa baba mgongo. Nilisikia akihangaika na vifungo vya ile nepi mpya. Sikujua kama ananihitaji, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Lori la mifugo likaja kutoka upande wa Wajir, polepole, limejaa mbuzi, na juu ya mbuzi watu wamekaa kwenye vyuma. Walipotukaribia dereva wa lori akapunguza mwendo, kama wafanyavyo watu wa njia ile wakiona gari limesimama.

"Wanatazama?" baba akauliza nyuma yangu.

"Hapana, aabo."

Walikuwa wanatazama wote.

"Kama wanatazama, wasalimie. Wasidhani gari limeharibika."

Nikainua mkono mmoja. Pazia likaanguka upande ule, baba akapiga kelele, wale wa juu ya lori wakaitikia salamu kwa nguvu wakipunga, nami nikaikamata tena ile shuka haraka, nikiwa nimeinamisha kichwa, mpaka vumbi lao likatufunika.